Kabla Hujala Chakula cha Mama Safi

Kezia wangu,

Sikusalimii, maana tumesalimiana asubuhi na tutasalimiana tena ukirudi. Umekwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi nimebaki hapa mezani na daftari lako la zamani la hesabu, lenye kurasa nyeupe nyuma. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisoma polepole, kidole juu ya neno. Soma hivyo hivyo. Kwa mdomo ningeshindwa. Nikianza kwa Kiswahili wewe unajibu kwa Kiingereza, mimi natafuta neno la Kiingereza, na nikilipata umeshaingia chumbani kwako.

Mambo ya jaketi, ya kula vizuri, ya kupiga simu, umeyasikia wiki nzima mpaka umeniita redio. Leo redio imezimwa. Nina jambo moja tu kuhusu nyumba unayokwenda kukaa kule Buffalo, na nataka ulijue kabla hujaingiza begi ndani.

Papa Safi unamjua kwa sauti, yule Mkongomani anayepiga simu kila mwaka mpya na kucheka kabla utani wake haujaisha. Unajua nilifanya naye kazi Louisville, tulipokuwa wageni nchi hii. Unajua aliposikia umepata nafasi ya kusomea matibabu ya wanyama, na kazi ya Jumamosi kwenye zizi la farasi wakubwa nje ya mji, alisema mtoto wa Mama Kezia hawezi kupanga chumba wakati yeye ana nyumba. Usichojua ni kwa nini alihama Louisville. Alihama kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, wewe saba. Karakana ile unaikumbuka kidogo, nyuma ya ghala la majani makavu, na harufu yake uliipenda mpaka ukawa unanusa mikono yangu nikirudi. Watu walituletea matandiko ya farasi wa kukokota. Kola nzito za shingoni, hatamu, lijamu, mikanda mirefu kuliko mtu. Tulifungua kila kifungo, tukaosha kwa maji vuguvugu na sabuni ya ngozi, tukasugua chumvi ya jasho, tukaanika kivulini, tukapaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Mwisho kulikuwa na kukunja. Kila mkanda lazima ukunjwe, upande wa juu utazame nje, kipande kwa kipande, uangalie kama unapasuka. Kazi ya kukunja ilikuwa ya Papa Safi, kwa sababu kwao Uvira alikuwa fundi viatu, na ngozi aliijua kama wewe unavyoijua simu yako. Akimaliza kukunja anatia sahihi kwenye kadi, kadi inaning'inizwa, mwenye farasi anakuja kuchukua.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata farasi wana makabila. Clydesdale mwenye manyoya miguuni, kama mtu aliyevaa soksi zilizolegea. Shire mrefu kuliko mlango. Percheron wa kijivu, mwenye asili ya Ufaransa. Na yule wa rangi ya asali, mwenye mkia mweupe, ambaye wanamwita Mbelgiji. Siku ya kwanza Papa Safi alipoambiwa jina hilo alikaa chini kwa kicheko, na Kifaransa cha kwao, bon na donc, kikaingia katikati ya Kiswahili.

"Mama Kezia, umesikia? Babu yangu alibebaka mizigo ya Mubelgiji. Bon, leo mimi namutia Mubelgiji chuma mu kinywa, na ananyamaza."

"Kwetu Burundi pia walibeba," nilimwambia.

"Donc kamata upande ule, tumufunge wote wawili."

Tulikuwa tunacheka hivyo. Nataka ujue kwamba tulikuwa tunacheka.

Katika farasi wote, wewe ulikuwa na mmoja. Yule Percheron wa kijivu aliyevuta gari la watalii mjini, uliyekuwa unampa vipande vya tofaa. Papa Safi alimwita Askofu kwa vile alivyotembea, taratibu, kama yuko mbele ya maandamano ya Pasaka. Nilikuambia alizeeka wakampeleka kupumzika shambani, Indiana. Ulimchorea hata picha ya shamba. Hakwenda shamba lolote, Kezia. Nisamehe, nitafika huko.

Matandiko ya Askofu yaliletwa siku ya Jumatatu na yalitakiwa Ijumaa, kwa ajili ya sherehe fulani mjini. Papa Safi alikunja mikanda yote. Ule wa nyuma, unaozunguka mapaja ya farasi na kumsaidia kulizuia gari kwenye mteremko, ulipasuka mikononi mwake kama mkate wa juzi. Aliniita nione.

"Hii ngozi imekufa. Juu inang'aa, ndani hakuna kitu."

Akautupa kwenye sanduku la takataka, akamwambia bosi aagize mpya. Bosi akaagiza. Jumatano haukufika. Alhamisi haukufika.

Sasa nikueleze kitu ambacho wewe uliyekulia hapa unaweza kukiona ni ujinga. Mimi nililelewa kambini Kigoma. Kule hatukutupa kitu. Ndoo iliyopasuka mjomba aliiziba kwa msumari wa moto. Gunia la mahindi ya msaada likawa begi la shule, begi likichakaa likawa kitambaa cha kusugulia sufuria. Mtu aliyetupa kitu kinachoweza kushonwa, watu walimtazama vibaya, kama amemwaga chakula. Na mimi nilikuwa hodari. Nilishona viatu vya nusu ya mtaa wetu kwa mshono aliotufundisha mjomba, sindano mbili zinazopishana. Nilipouona mkanda ule kwenye sanduku, mnene, mrefu, wenye pete za shaba bado zinang'aa, roho iliniuma kabisa. Niliona watu wanatupa mali.

Alhamisi Papa Safi alipokwenda kula, niliutoa. Niliuloweka kwenye mafuta. Nilitia kipande cha ngozi mpya mahali palipopasuka, nikashona kwa sindano zangu mbili, nikapaka rangi nyeusi. Ulipendeza kuliko mikanda mingine. Nikaufunga mahali pake. Nilifikiri bosi atarudi aone seti imekamilika, na mimi nitasema kwa upole, ni mimi. Nilitaka kusifiwa, Kezia. Miaka mitatu nchi hii nilikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa kidole, osha hiki, beba kile. Nilitaka siku moja mtu aseme, kumbe huyu mama anajua.

Ijumaa asubuhi Papa Safi alikuta seti imekamilika. Alidhani mpya umefika. Akasaini kadi, na seti ikaenda. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo mkononi. Hapo mdomo wangu ungeweza kufunguka. Haukufunguka, kwa sababu bosi hakuwepo kusikia na kunisifu.

Jumamosi gari liliteremka kuelekea mtoni. Mkanda ulikatika kwenye mshono wangu, si pembeni yake, kwenye mshono wenyewe. Gari lilimgonga Askofu nyuma, akashtuka, akakimbia, akaanguka barabarani na gari likamlalia. Dereva alikuwa binti mwanafunzi wa chuo, miaka ishirini na kitu. Alivunjika nyonga. Askofu alivunjika miguu miwili. Waliweka maturubai kumzunguka ili watoto wasione, wakamwua palepale kwa sindano. Hilo ndilo shamba la Indiana.

Jumatatu bosi alituita wote. Kadi ilikuwa mezani.

"Nani alisaini?" aliuliza.

"Mimi," Papa Safi alisema.

"Uliukunja?"

"Hapana, huu sikuukunja." Halafu akaomba kuuona mkanda. Bosi alimpa. Aliushika pale ulipokatika, akapitisha kidole kwenye nyuzi. Hakunitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Unajua mimi nilijifunzia wapi kutazama viatu? Kwenye mahojiano ya kuja Marekani. Tulihojiwa mara nyingi, miaka na miaka, na kambi nzima iliamini kwamba neno moja la ziada linaweza kuifuta familia kwenye orodha. Bibi yako alinifundisha usiku na mchana. Ukiulizwa jina, sema jina. Swali ambalo hukuulizwa, usilijibu. Ndivyo tulivyofika hapa. Na bosi aliuliza nani alisaini. Hakuuliza nani alishona.

Papa Safi alifukuzwa siku ile ile. Nilirudi nyumbani nikamweleza bibi yako jikoni, wewe ukiwa unaoga. Aliacha kumenya viazi.

"Umeulizwa?"

"Sijaulizwa."

"Basi."

Akaendelea kumenya. Simlaumu. Alikuwa ametembea na mimi mgongoni kutoka Burundi, na alichokijua ni kwamba walionyamaza ndio waliofika. Alikufa na neno hilo, Mungu amrehemu, na mimi nikabaki nalo.

Yule binti nilimwona mara moja baadaye, dukani, anatembea kwa fimbo, anachagua mchele. Nilijificha upande wa pili wa rafu mpaka akaondoka, na wewe uliniuliza, "Mama, why are we hiding?" Nilikuambia tunacheza. Mwezi uliofuata tulihamia Columbus. Ulikuwa unauliza kwa nini tumeacha marafiki zako tukaja kuishi mtaa wa Linden kwenye nyumba inayovuja, na mimi nilikujibu kazi. Kazi ilikuwepo, ni kweli, ile ile ya matandiko, kwa huyu mama wa Reynoldsburg ninayemfanyia mpaka leo. Lakini nilikuwa nakimbia fimbo ile.

Wakulima wa hapa wananiita mama wa kutupa. Umewasikia ukija kunichukua. Mmoja aliniambia, "Wewe ukishika mkanda wangu najua nimeshaupoteza." Nakunja kila kitu mara mbili, hata kipande kidogo cha kushikia kengele. Walidhani ni ukali wa kazi. Nilikuwa nasubiri kwamba siku moja nitakuwa nimetupa vya kutosha, moyo utulie. Haukutulia. Kazi yangu ya sasa haimsaidii mtu aliyeumia kwa kazi yangu ya zamani, hilo nimelielewa kwa kuchelewa.

Papa Safi alikwenda Buffalo kwa sababu alikuwa na binamu huko. Kazi ya ngozi hakuipata, maana bosi hakukubali kumpa barua nzuri. Aliingia kiwandani, kwenye mashine za kukata vyuma. Majira ya baridi ya pili mashine ilichukua vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, gumba na kinachofuata. Ukimsalimia utaona anatoa mkono wa kushoto, usishangae. Fundi wa Uvira hawezi tena kushika sindano.

Tangu ulipopata nafasi hii nimekuwa nafurahi mchana na kuogopa jioni. Uliposema, "Mama, Papa Safi is the nicest man," nilikwenda bafuni nikafungua maji. Leo mchana, ulipotoka tu, nilimpigia.

"Papa Safi," nilisema, "mkanda wa Askofu ni mimi."

Nilisikia televisheni, halafu mlango unafungwa, televisheni haisikiki tena.

"Nilijua," alisema. "Ule mushono, sindano mbili. Ni wewe tu unashonaka vile."

"Miaka kumi na moja ulijua?"

"Tangu siku ile, mu ofisi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Bosi angekufukuza wewe, na mimi pia, juu ya ile sahihi yangu. Tungetoka wawili, na wewe uko na mutoto, bila bwana." Akakohoa. "Na usinifanye mutakatifu, Mama Kezia. Mimi nilisaini bila kukunja. Ile ni yangu. Ningeukunja mara moja tu, Askofu angekuwa muzima. Donc kila mutu abebe yake."

Nililia, siwezi kukuficha. Aliniacha nilie, halafu akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Bon, shida haiko mimi. Shida iko Mama Safi."

Mkewe hajui. Hakumwambia. Kwa miaka yote hii Mama Safi anajua kwamba mume wake alikuwa mvivu siku moja, akaua farasi, akamvunja mtoto wa watu, na kwa uvivu huo wakaacha nyumba nzuri Louisville wakaja kwenye theluji, na vidole vikaenda. Watoto wao wamekua wakisikia hivyo.

"Nikisahau kufunga mulango wa friji," Papa Safi aliniambia, "anasema, kama ule mukanda. Nikichelewa kanisani, kama ule mukanda. Nimezoea. Sasa watoto nao wanasemaka, na wanacheka."

"Nitamwambia," nilisema.

"Acha. Mutoto amalize kwanza masomo. Miaka miwili si mingi."

Kezia, nilitaka kusema ndiyo. Wewe ni mtoto wangu, na hii ndiyo nafasi uliyoiomba tangu ukiwa na vipande vya tofaa mkononi. Mama Safi namjua, ni mtu wa moto. Anaweza kusema huyo mtoto wa huyo mwanamke halali hapa. Pengine usingejua lolote ukamaliza, ukapata cheti, na mimi nikaja siku ya sherehe nikiwa nimevaa kitenge kipya, nikamkumbatia Mama Safi.

Lakini nilikuona kichwani mwangu, umekaa mezani kwake. Nilikuona unapewa chakula, unasema asante Mama, na pembeni Papa Safi amesahau kufunga friji, na Mama Safi anasema kama ule mkanda, na wewe unacheka pamoja nao kwa sababu hujui. Hapo nilishindwa. Nimekunyima mengi kwa umaskini na kwa ujinga. Nilikuzaa nikiwa mdogo kuliko ulivyo wewe leo, baba yako akachagua kurudi Burundi, na mambo mengi tulijifunza pamoja, mimi na wewe, kama watoto wawili. Lakini kukuacha umcheke mtu aliyeniokoa, hapana.

Nilimwambia Papa Safi nakuja mwenyewe.

"Kwa simu hapana," alisema. "Kwa mudomo, mbele yake."

"Kwa mdomo. Kesho."

"Mimi siahidi kitu. Unamujua." Halafu akacheka, yule yule. "Bon, ulete ndagala. Akikufukuza, ndagala zitabaki."

Kwa hiyo usiende kituo cha basi. Nimeomba ruhusa kazini na nimejaza mafuta. Nakupeleka mimi, ni saa sita hivi za barabara, na njiani hatuna haja ya kuongea kama hutaki. Ukiwa na hasira na mimi, kuwa nayo, una haki, na usinihurumie kwa sababu nimeandika kwa machozi. Ukitaka kuniuliza kuhusu Askofu, uliza. Safari hii nitajibu na ambalo hukuuliza.

Tukifika, baki kwenye gari. Begi libaki nyuma. Nitagonga mimi, nitaingia mimi, nitamwambia Mama Safi mbele ya mumewe, na watoto wao kama wapo wasikie. Sijui nitakaa mle dakika tano au saa nzima. Ukisikia sauti zinapanda usije kunisaidia.

Akikubali, ni yeye atakayetoka kukuita, si mimi. Nitamwomba hivyo. Usishuke kwa sauti yangu. Na nikitoka peke yangu, washa gari. Kuna Warundi wa kanisa letu kule, mmoja ameshaniambia tunaweza kulala sebuleni kwake siku mbili tatu, na Jumatatu utaingia darasani hata kama utatokea kwenye kochi la mtu. Nitabaki na wewe mpaka tupate chumba. Kazini wakinifukuza, nitaanza tena, nimeshaanza mara nyingi.

Nasikia gari la kanisa nje. Nitaiweka hii juu ya mto wako nikachambue ndagaa.

Mama yako